Picha Iliyopigwa kwa Kisogo

Kila mwaka lazima atokee mtu wa kunijia hapa Uyole kuniuliza habari za ile picha. Mara mwalimu, mara vijana wa kwaya, mara watoto wa wifi yangu Ikupa. "Bibi Tusekile, tunaomba tuione picha yako ukicheza ngoma, ile iliyopigwa gizani." Nawaambia haipo. Hawaniamini, wanadhani nina ubahili. Haya, sogezeni hicho kigoda mkae, niwaeleze habari za mtu aliyeipiga, kisha mtajua wenyewe ilikokwenda.

Jina lake sitalitaja. Msidhani nimelisahau, thubutu! Alikuwa baba wa mume wangu, na kwetu Wanyakyusa mke halitamki jina la baba mkwe wake, wala hamtazami usoni. Akikutana naye njiani anaingia majanini, anajifunika nguo kichwani, anageukia kando mpaka mzee apite. Na mzee naye hamtazami mkaza mwana wake. Tunaita ukutila, yaani kumwogopa mtu kwa heshima. Wakristo wengine walikuwa wameshaanza kulegeza, wanapeana mikono na wakwe zao hadharani. Nyumba yetu ilibatizwa mapema kuliko zao, lakini kwa hilo haikulegeza hata kidogo.

Kwa hiyo ninayewasimulia ni mtu ambaye sikupata kumwona uso. Nilimjua kwa sauti yake nzito, kwa kikohozi, na kwa harufu kali ya dawa za kusafishia picha iliyokuwa ikitangulia kabla yake. Nikiisikia tu hiyo harufu, naacha chungu jikoni nakimbia nyuma ya nyumba.

Mjini Mbeya walimwita Fundi Picha. Ufundi wake aliutoa Iringa. Alikwenda huko kijana kutafuta kibarua, akaangukia kwa Mhehe mmoja, Joachim Kalinga, aliyekuwa na chumba cha kupigia picha. Akaanza kwa kufagia, akamaliza kwa kushika kamera. Aliporudi alikuja na kamera ya mikunjo, ile inayovutwa kama kinanda cha mkono, na stendi yake ya miguu mitatu, na flashi. Flashi yenyewe ilikuwa bakuli la bati linalong'aa, katikati unachomeka balbu ya kioo. Balbu inawaka mara moja tu, pwaa! kama radi, halafu imekufa, unaitupa. Kalinga alikuwa akimtumia hizo balbu kwa basi kutoka Iringa, zimefungwa kwa pamba.

Alipiga picha za harusi, za ubatizo, za makarani na baiskeli zao. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye ngoma. Aliifuata ngoma mpaka Makongolosi kwa wachimba dhahabu, akaifuata Rungwe, akaifuata kila penye vumbi. Alitaka apate picha moja tu ya mtu akicheza kweli. Na jamani, watu wetu wakiona kamera! Mtu yuko juu anaruka, jasho linamtiririka, watu wanapiga vigelegele. Akiiona tu, anashuka, anafunga kifungo cha shati, ananyoosha mikono chini, anakodoa macho kama yuko mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali. Na wenzake wote hivyo hivyo, wamejipanga. Aliwasihi, aliwagombeza, wapi! Jioni namsikia ukutani akimlalamikia binti yake, "Ikupa, leo tena nimepiga picha ya miti." Nami jikoni nabana mdomo nisicheke.

Sasa mume wangu, Isakwisa. Aliniona kwanza kwenye harusi moja Rungwe, yeye akiimba, mimi nikicheza. Nilikuwa nacheza kweli, msinione hivi. Akanioa, tukakaa muda mfupi, akaenda Joni, huko Afrika Kusini kwenye migodi, ili tupate nyumba ya matofali. Mkataba ukaisha, hakurudi, akaweka sahihi mwingine. Ukaisha, akaweka mwingine tena. Nilimpenda yule mwanamume, sioni haya kusema. Aliacha koti lake la zamani msumarini, nami nilikuwa nalinusa kila asubuhi, mpaka likabaki na harufu yangu mwenyewe. Hapo nikalia sana.

Mwaka wa hamsini na tano akaja likizo Eliezeri, rafiki yake waliyekuwa wakikaa naye chumba kimoja huko. Akaketi uani kwetu, tukampa ugali na maziwa. Nilikuwa nimemtumia Isakwisa picha yangu kabla ya hapo, niliyopigwa na fundi mwingine mjini, maana baba mkwe hawezi kunitazama. Nimesimama kando ya maua ya karatasi.

"Ilimfika?" nikamuuliza Eliezeri.

"Ilimfika, shemeji. Alicheka, halafu akaiweka kando. Akasema huyu si Tusekile wangu, huyu ni mtu anayesubiri kusomewa hukumu."

"Haya. Na kurudi je?"

Eliezeri akaanza kuchezea kofia yake. "Shemeji, nikufiche ya nini? Kule kuna mwanamke anampikia. Isakwisa anasema uso wako unamtoka. Anasema angekuona ukicheza kama siku ile ya Rungwe, asingekaa hata siku moja. Mimi naondoka wiki ijayo. Kama una la kumpelekea, nipe."

Nilijua pale pale kwamba Eliezeri akiondoka mikono mitupu, nimekwisha kuwa mjane wa mtu aliye hai. Picha ya mtu anayeruka inataka flashi, na mwenye flashi ni mmoja tu Mbeya nzima, naye ndiye haruhusiwi kunitazama.

Kumbe alikuwa nyuma ya ukuta wa matete, amesikia yote. Jioni ile akazungumza. Kwa kawaida yetu hazungumzi nami. Anamwambia Ikupa, na Ikupa ananirudishia maneno ambayo nimeshayasikia.

"Ikupa, mwambie mwenzio nitampiga picha."

"Wifi, Baba anasema atakupiga picha."

"Mwambie ngoma ichezwe ndani ya ghala la mahindi, madirisha tuyazibe kwa magunia. Gizani simwoni, na yeye haioni kamera. Nitaiacha kamera jicho wazi. Giza haliandiki kitu kwenye filamu. Flashi itakapowaka, ndipo picha itaingia, na mimi nitakuwa nimegeuka."

"Wifi, Baba anasema..."

"Nimesikia, Ikupa, sina uziwi!"

Kesho yake mchana walizibaziba ghala hata tundu la panya. Mimi nilikuwa nje. Mzee akatandika mkeka, akamsimamisha Ikupa juu yake na taa ya mafuta mkononi, akaweka kamera sawasawa kwa kumtazama yeye. Taa ikazimwa. Nikaingia nimeshikwa mkono, miguu mitupu, nikapapasa mpaka nikausikia mkeka kwa nyayo. Nisiuache huo mkeka, ndilo sharti. Eliezeri akakaa pembeni na ngoma, akaipiga kwa viganja tu, maana wazee wa kanisa wangesikia tungeondolewa kwenye meza ya Bwana sote.

Nikaanza. Kumbe giza halitoshi! Nilijua tu kwamba pale mbele kuna jicho. Nikasikia chuma kimelia, ka! nikakauka. Flashi ikawaka nimefumba macho, nimesimama wima kama wale wa Makongolosi.

Nikamsikia akibadilisha filamu, halafu sauti yake, "Ikupa, mwambie mwenzio amesimama. Nimesikia miguu."

"Wifi, Baba..."

"Ninajua!" Nikaanza kulia humo gizani.

"Na mwambie imebaki balbu moja."

Eliezeri akaanza tena kupiga. Akapiga, akapiga, nami nacheza kwa woga, naonja kila hatua. Ndipo yule mzee akaimba. Ulikuwa wimbo aliouimba Isakwisa siku ile Rungwe, na sauti ilikuwa ile ile, imezeeka tu. Baba mkwe kumwimbia mkaza mwana, hilo halikuwepo duniani. Lakini aliimba, na mwisho wa kila mstari sauti ilimkatika, nikajua naye anamtaka mwanawe kama ninavyomtaka mimi. Nikasahau kamera. Nikasahau ghala. Nikacheza kwa ajili ya Isakwisa, magoti juu, shingo nyuma, nikaruka.

Flashi ikawaka nikiwa hewani, macho wazi. Na mimi nikaona.

Ilikuwa kufumba na kufumbua. Niliona mgongo wa koti la kaki, bega moja limeshuka, mkono umeinua flashi juu na kuielekeza nyuma kwangu. Niliona kisogo chenye mvi, na masikio. Masikio yalikuwa ya Isakwisa, shingo ilikuwa ya Isakwisa. Nilimwona mume wangu atakavyokuwa akizeeka. Kisha giza likarudi. Wazee wangesema nimekosa. Waseme.

Picha hakuisafisha yeye, maana kuisafisha ni kuitazama. Alisimama nje ya pazia la chumba cha giza, Ikupa ndani, akimfundisha hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nimebandika sikio.

"Tikisa chombo taratibu. Inatokea?"

"Inatokea, Baba."

"Miguu iko wapi?"

"Hewani. Yote miwili."

Nikamsikia anapenga kamasi. Miaka yote ile ya kufuata vumbi, picha aliyokuwa akiitafuta ilikuwa nyuma ya pazia, naye hana ruhusa ya kulifunua.

"Na macho?" akauliza. "Yametulia, au yamefifia?"

"Yametulia. Anatazama juu kidogo ya kamera, Baba. Kama anamtazama mtu."

"Itoe kwenye dawa," akasema. "Isije ikaungua."

Eliezeri akaondoka nayo. Haukupita muda mrefu tukaletewa salamu na mtu mwingine. Isakwisa ameiona. Amekaa nayo kitandani siku nzima bila kula. Amemwacha yule mwanamke, na mkataba ukiisha haweki sahihi tena, anarudi. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nikapaka sakafu udongo upya, nikatoa lile koti nje kulianika.

Mgodi ukaporomoka kabla ya mkataba kuisha. Hata mwili hatukuletewa. Lilikuja sanduku tu: blanketi, viatu, na ile picha ndani ya Biblia yake.

Sanduku alikabidhiwa baba yake. Ikupa aliniambia mzee alipofungua Biblia picha ilikuwa imelala kifudifudi, akaijua kwa mgongo wa karatasi, akaiacha hivyo hivyo. Matanga yalipokwisha, kaka zangu wakaja kunichukua. Nilikuwa kijana bado, sina mtoto; ng'ombe wa mahari wangerudishwa, mambo yakaisha kwa heshima. Nikawaambia wangoje. Sikujua ninangoja nini.

Jioni mzee akaja nyuma ya ukuta wa matete. Safari hii hakumwita Ikupa, ingawa Ikupa alikuwepo. Alisema tu, kama anayeongea na matete.

"Ninayo picha hapa, sijaigeuza. Mwanangu aliitazama siku nzima, nami natamani kuona alichokiona, natamani mpaka silali. Akiondoka na ndugu zake, atakuwa mtoto wa watu, nami nitaigeuza bila kosa. Akibaki, basi bado ni mke wa nyumba hii, na sitaigeuza. Nami sijui naomba lipi."

Nililia pale jikoni bila sauti. Kumpa alichokitamani maisha yake yote ilikuwa rahisi tu, nifunge virago nifuate kaka zangu. Lakini nikitoka, nani angebaki na mimi aliyemjua Isakwisa alivyocheka, alivyokohoa, alivyoimba? Ni huyu mzee peke yake, na mzee, aliyefiwa na mkewe zamani, hakuwa na mwingine ila mimi. Ikupa alikuwa ameshaolewa, amekuja kwa msiba tu, kesho yake angerudi kwake.

Nikasema, "Ikupa, mwambie Baba ugali uko tayari."

Ikupa hakurudisha maneno. Baada ya kitambo picha ikapenyezwa chini ya ukuta, kifudifudi. Nikasikia viatu vinaondoka.

Kaka zangu wakarudi peke yao. Niliishi na yule mzee mpaka mwaka wa hamsini na tisa, ukuta katikati. Nilimpikia, nilimfulia, nilichota maji ya kuoshea filamu zake. Akienda kwenye ngoma na kurudi, alikuwa akisema kwa sauti, "Leo tena miti," nami nikicheka kwa sauti, anisikie. Mchana nilikuwa naitoa picha, naangalia macho yangu yanavyotazama juu ya kamera. Watu waliokuja kuiona waliniuliza, bibie, ulikuwa unamtazama nani? Sikuwajibu.

Alipokufa, nilikaa kando na nguo kichwani, kama desturi ya mkaza mwana. Sikusogea kwenye jeneza. Nilimwita Ikupa pembeni, nikamtilia picha mkononi. Alijua. Akaingia kabla hawajapiga misumari. Aliporudi macho yamemvimba, akakaa karibu nami.

"Wifi," akasema, "nimeigeuza. Nimeiweka kifuani, inamtazama."

Filamu yenyewe iliharibiwa na unyevu wa masika zamani. Basi ndiyo maana nawaambia picha haipo. Iko naye huko chini, ananiona nikicheza, nami macho yangu yako pale pale nilipoyaweka siku ile. Ila sasa hajanipa kisogo.