Jani la Sale Nililolirudisha kwa Baba

Ipo Desemba moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila mwaka natamani ningeweza kuisahau. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na Kariakoo ikajaa vitu tulivyokuwa tumesahau hata sura zake. Nilikuwa na duka la vyombo Mtaa wa Swahili, na umri wangu ulikuwa kama wako sasa. Nilikuwa pia na majibu ya kila kitu, kama wewe jana uliponiambia huendi Moshi kwa mama yako, dada yangu Aikande, kwa sababu Krismasi ni sikukuu ya wapagani. Usinune. Sikucheki, wala sijaitwa na mama yako nikuseme. Kaa tu unisikilize.

Nami nilikuwa kwenye kikundi cha maombi pale Ilala, watu wema kweli. Tulifundishwa kwamba tarehe ishirini na tano haimo popote kwenye Biblia, kwamba Warumi wa kale walikuwa wakilisherehekea jua siku hizo, na jina la Yesu likaja kubandikwa juu yake. Hata leo sisemi walinidanganya. Ila mimi ukweli ule ulinilewesha. Mhindu mmoja wa Mchafukoge aliyekuwa akiniuzia bidhaa kwa jumla alinipa kalenda yenye picha ya Mtoto Yesu na nyota, zawadi tu kwa mteja wake. Nikamhubiria habari za jua la Warumi mpaka akaniuliza, kwa upole, kama bado nayataka masufuria.

Unaujua mji unavyokuwa wiki ile, Wachaga wote tumefunga maduka tumekwenda kwetu. Jirani yangu Bi Mwajuma, Mzaramo aliyekuwa akiuza kanga, alinikuta nimefungua, akaniita kwa jina wanalotuita Wachaga wote.

"We Mangi, mbona upo? Au mwaka huu umenyimwa nyama?"

Nikamjibu kwamba mimi sili nyama ya jua. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Na baba yako ndivyo ulivyomwambia?"

Ndivyo nilivyomwambia, tena kwa barua ya kurasa tatu. Baba alikuwa mzee wa kanisa kijijini kwetu, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo barua zake alisomewa. Hiyo yangu nilimpa abiria wa basi, ikafika asubuhi ya Krismasi yenyewe. Ukoo mzima uko uani, mbuzi keshachinjwa, baba ameshika kisu. Kwetu baba ndiye anayemkatia kila mtoto fungu lake kwa mkono wake. Aikande akaanza kusoma mbele ya wote, akijua ni salamu za sikukuu, mpaka akafika pale nilipoandika kwamba baba analiabudu jua na anawaita wanawe waje kuliabudu pamoja naye. Akaishusha barua. Baba akamwambia aendelee. Alipomaliza, baba alimpa baba mdogo kile kisu, akaingia ndani, na siku ile hakutoka tena. Hilo niliambiwa baadaye sana.

Mwaka uliofuata, Desemba ilipokaribia, Aikande alikuja dukani. Hakutaka hata chai. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa jani la sale.

Mama yako hajakusimulia haya, namjua, kwa hiyo nikueleze. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa shamba. Mchaga akitaka kuomba msamaha, hulifunga jani lake fundo akampelekea aliyemkosea, na anayeletewa hakatai, hata kama kosa ni kubwa kiasi gani. Mdogo humpelekea mkubwa. Mimi sikuwa nimewahi kusikia mzee akimpelekea mtoto wake.

"Baba amenituma," alisema Aikande. "Anaomba umsamehe."

"Mimi nimsamehe yeye?"

"Anasema huenda alikukosea mahali asipopajua. Pokea, mdogo wangu, uje nyumbani."

Nilichotakiwa ni kunyoosha mkono tu. Badala yake nikasema hayo ni mambo ya mizimu, na Mkristo hapatanishwi na majani. Nililisema hilo kwa sauti, wateja wakinitazama. Dada yangu akalirudisha jani kwenye kanga.

"Hujui unachokikataa," alisema. Akaondoka, akarudi nalo Moshi.

Baba alifariki mwezi wa tatu. Nilikwenda nikazika, na hakuna aliyenilaumu hata kwa neno moja, jambo lililonichoma kuliko matusi. Baada ya mazishi mama aliniita jikoni kwake. Nikaanza kujitetea, eti nilitaka tu baba aujue ukweli wa ile tarehe.

"Baba yako aliujua," mama alisema. "Mchungaji aliwaambia wazee zamani, siku aliyozaliwa Bwana haijulikani. Baba yako akawa anasema, hata Juni mimi ningewachinjia, ila wanangu hupata nafasi Desemba."

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu nikalia, mtu mzima na suti yangu. Bado nalia, mwanangu. Mwaka huu pia nitalia.

Sikwambii usherehekee. Kama dhamiri yako inaikataa siku hiyo, iache, na Mungu atakuelewa. Ila mama yako si siku, mwanangu. Panda basi. Ukifika mwambie mwenyewe, mkiwa wawili, kwa sauti ya chini, kwamba nyama hutakula, kisha mkatie kuni, kaa naye, mwache akuangalie usoni. Usimwandikie barua. Na usiwe mwepesi wa kukiita cha shetani kitu ambacho hujauliza kilitoka moyoni mwa nani. Mimi nilishinda hoja, na hadi leo sina wa kumwomba radhi.

Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie barabarani. Akupe moyo mnyoofu na ulimi laini, na akufikishe kwa mama yako angali hai, akuitikie shikamoo yako.