Sauti Kutoka Dungu la Mama

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara na mitumba ikajaa Ikwiriri mpaka wazee wakawa wanavaa makoti ya baridi kwenye jua la mchana, mimi, mama wa watoto wawili, niliamka asubuhi moja sikio la kushoto limezima. Halikuuma. Jana yake lilimsikia jogoo. Siku hiyo likavuma kidogo, kisha kimya.

Mama alinipeleka hospitali, Mchukwi. Daktari, kijana wa bara mwenye subira, akaniuliza kama niliwahi kuumia sikio lile.

"Hapana," nikajibu haraka.

Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. "Anakuficha, daktari. Nilimpiga mimi."

Ni kweli. Nikiwa na miaka tisa nilisinzia kwenye dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunamokaa shambani kuamia ndege, nao wakashuka kwenye mpunga wetu. Mama alinizaba kibao kimoja tu. Sikio likatoka damu, kisha usaha mwezi mzima, na kila jioni alinikamulia majani ya mrehani huku akilia. Mama nilimsamehe kabla sikio halijakauka. Ndege wale sijawasamehe hata leo.

Daktari alisema jeraha lile huenda ndilo, na huenda silo. Hakuna awezaye kuapa. Mama akabeba "huenda ndilo" peke yake na kurudi nalo nyumbani.

Msimu uliofuata tulilima bonde lilelile, kila mmoja na dungu lake. Zamani aliniita kwa sauti ndefu, "Mwanangu weee, uji tayari," nami nikajua alipo bila kugeuka. Sasa, kwa sikio moja, sauti yake ilinijia kutoka kila upande. Siku moja aliniona nikizunguka kama kuku mwenye ugonjwa wa kideri, namtafuta. Hakuniita tena. Akawa anashuka kwenye dungu lake, anavuka matope yote, ananigusa bega la kulia.

Nilitaka kumwambia aniite tu. Niliona haya, nikadhani ataelewa mwenyewe. Mdomo wangu ulikuwa mzima, ukazembea. Mama amekwisha kufa, na ninaitamani sauti ile kuliko ninavyolitamani sikio lenyewe. Kule kuzunguka sikukujali hata kidogo. Nilijua nikizunguka vya kutosha, nitamwona.