Mtoa Usingizi

Mtoa usingizi wa hospitali ile alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kucha fupi zinazonuka spiriti. Kabla ya kumlaza kwa dawa mgonjwa yeyote wa kupasuliwa kichwa, aliwauliza jamaa wa mgonjwa swali lilelile: "Huyu hukasirishwa na nini?" Sabaha alidhani anadhihakiwa. Mumewe Bakili, muuza nazi wa Kariakoo, ameangukiwa na gunia kutoka juu ya lori, damu imevilia ndani ya fuvu, na mtu anaulizia hasira! Hata hivyo akajibu: "Ukizisema vibaya nazi zake."

Aliporuhusiwa kuingia baada ya upasuaji, alimkuta yule mtoa usingizi amesimama kando ya kitanda cha Bakili, shati limemlowa, anaminya mfuko wa mpira uliompa mgonjwa pumzi. Mkono ukichoka, alishika kwa mwingine. Nesi alitaka kumpokea. "Bado, ndugu." Bakili alipoanza kupumua mwenyewe, akamtoa mrija wa pumzi kooni, akamwinamia sikioni.

"Bwana Bakili, nazi zako mbovu."

Akarudia, akarudia tena, kwa sauti ileile, kama mteja asiyeondoka mpaka apunguziwe.

"Zote mbovu."

Midomo ya Bakili ikacheza. "Basi... kanunue kwingine."

Hapo ndipo yule bwana alipovuta kiti, akakaa.