Kibuyu cha Chausiku na Kopo la Serikali

Siku Yunusi alipomwona Chausiku kwa mara ya kwanza, alimkuta kizingitini mwa nyumba yake akimimina kokoto kutoka kwenye kibuyu na kuzipanga chini, nyeupe huku, nyeusi kule. Yunusi alikuwa karani mpya wa akida, ametumwa kuhesabu majembe ya Matombo. Alikuwa mtu wa haya. Badala ya kubisha hodi alikohoa mara tatu, kila kikohozi kidogo kuliko kilichotangulia.

"Kama ni kifua, dawa yake tangawizi," alisema Chausiku bila kuinua kichwa. "Kama ni hodi, piga hodi."

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe wa ukoo gani?"

Yunusi akautaja ukoo wa mama yake. Chausiku akapiga makofi kwa furaha, maana koo zao zilikuwa za watani tangu enzi za mababu: zilizikana, zikatukanana, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika.

"Kumbe mtani wangu! Ndiyo maana umekuja na daftari badala ya jembe. Ukoo wenu haujashika mpini tangu dunia iumbwe."

Tangu siku hiyo Yunusi hakupita njia ile bila kutukanwa, na alipotukanwa alijisikia nyumbani.

Kibuyu kile alikianzisha mama yake Chausiku. Kila vuli kokoto moja iliingia ndani: nyeupe kama mvua ya kwanza ilishika, nyeusi kama ilidanganya, yaani ilinyesha siku mbili, ikaotesha mbegu, kisha ikaziachia jua lizikaange. Zilikuwamo kokoto thelathini na tatu. Nyeusi zilikuwa kumi na moja.

"Kwa hiyo mwaka huu mvua itashika au itadanganya?" aliuliza Yunusi.

"Nitajuaje? Mimi Mungu? Najua tu kwamba kila miaka mitatu, mmoja ni mwongo, na haupigi hodi. Ukipanda zote mapema na mvua ikashika, unakula mahindi mabichi wiki mbili kabla ya jirani. Ikidanganya, wewe na watoto mnakula mizizi ya porini. Wiki mbili za kujidai, kwa mwaka wa njaa. Biashara gani hiyo?"

Kwa hiyo alikuwa na makapu matatu ya mbegu. Moja alipanda na mvua ya kwanza, mawili aliyaweka.

"Ingekuwa nyeusi mbili tu kibuyu kizima," alisema, "ningepanda mawili nikaweka moja. Kumi na moja ni nyingi, mtani. Kumi na moja zinataka heshima."

Majirani walimcheka. Pazi, ambaye shamba lake lilipakana na lake, alimwita Mama Kokoto. Hakuna mwaka wa mvua nzuri aliokosa kuleta hindi lake la kwanza na kulitafunia mlangoni pake.

Serikali nayo ilikuwa na kibuyu chake. Kilikuwa kopo la bati lenye mistari, lililoletwa na Mdachi wa mashamba kutoka bomani Morogoro. Kila asubuhi Yunusi alitakiwa kupima maji yaliyoingia na kuyaandika. Amri ilisema kopo likae mahali pa wazi. Lakini mahali pa wazi mbuzi walilipiga pembe, na Akida Mwinjuma hakutaka mali ya Kaiza ife kwa pembe za mbuzi. Akaamuru lisogezwe ukutani kwake. Nyumba yake ndiyo pekee Matombo nzima iliyoezekwa kwa bati, na kopo likakaa barabara chini ya mchirizi.

Manyunyu ya kulowesha kilemba tu yalikusanywa na bati lote la akida yakamiminwa koponi. Yunusi aliliona jambo hilo siku ya kwanza. Akapanga kulisema siku ya pili. Miaka mitatu ikapita.

Bomani zile hesabu zilipendwa sana. Miaka mitatu mfululizo mvua kubwa ya Matombo ilianza wiki ileile, mwanzoni mwa Novemba! Mdachi wa mashamba akajumlisha, akagawanya kwa tatu, akapata tarehe nane. Basi mwaka ule, wa tatu tangu gari la moshi lifike Morogoro, ikaja karatasi yenye mhuri: mbegu zote zipandwe tarehe nane. Atakayekutwa na mbegu ndani tarehe tisa ni mvivu, na mvivu atachapwa viboko ishirini na tano.

Akida Mwinjuma alikuja barazani miguu mitupu, viatu mkononi ili visichakae. Alivivaa, akasoma amri, akavivua.

"Je, mvua ikidanganya?" aliuliza Chausiku.

"Itadanganyaje, na tarehe imepangwa?" alisema akida. "Wahenga wamesema, dalili ya mvua ni mawingu."

"Na dalili ya njaa, bwana akida?"

"Mama Kokoto, nyamaza, utatuponza!" alipiga kelele Pazi, na watu wakacheka.

Tarehe nane ilinyesha. Watu wakapanda hadi punje ya mwisho, na akida akaliangalia wingu kama mtu aliyelituma dukani likarudi na chenji kamili. Kesho yake Yunusi akapita nyumba hadi nyumba na daftari lake, akichungulia makapu. Nyumbani kwa Chausiku alikuta mtungi umefunikwa kwa kitambaa. Akakiinua. Kapu lilikuwa ndani, limejaa mahindi ya mbegu.

Chausiku alisimama ameshika kiuno. Alikuwa na umri wa kuitwa bibi. Viboko ishirini na tano vingemmaliza.

"Haya, mtani," alisema. "Leo ndiyo leo. Andika."

Yunusi akafungua daftari. Akakohoa mara moja, mara mbili. "Mama, lile kopo," alisema polepole, "lipo chini ya mchirizi wa bati."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Chausiku alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani Wadachi miaka yote hii wamepima paa la Mwinjuma!"

Yunusi akarudisha kitambaa. Daftarini akaandika: Chausiku, hakuna kitu. Herufi zilikwenda upande, lakini zilisomeka. Jioni akajikaza, akamweleza akida habari za kopo. Akida akafuta vumbi kwenye viatu vyake.

"Yunusi," alisema, "mhuri umeshapigwa. Huwezi kuuambia mhuri kwamba ulikuwa unavuja."

Siku ya tatu jua likatoka, na halikurudi ndani kwa siku kumi na tisa. Miche ya Matombo ikainama, ikawa ya manjano, ikawa vumbi. Mvua ya kweli iliposhuka kutoka milimani, mashamba yalikuwa tayari na makapu yalikuwa matupu.

Pazi ndiye aliyetangulia mlangoni kwa Chausiku. Alisimama mkono nyuma, kichwa chini.

"Mama Chausiku," alisema.

"Nani huyo? Simfahamu. Mimi namfahamu mtu mmoja anayekuja na hindi mdomoni."

Alimwacha asimame apate kulowa kidogo, kisha akatoa mbegu. Kitongoji chao kilikuwa cha nyumba tisa. Kila nyumba ilipata kibaba chake, kutoka kwenye makapu mawili. Yunusi aliyahesabu, mawili, akakumbuka kwamba mtungini aliona moja tu. Akaona haya kuuliza. Walivuna wakiwa wamechelewa, kidogo, lakini walivuna. Chausiku akatia kibuyuni kokoto nyeusi, ya kumi na mbili.

Bomani walisoma daftari: mbegu zimepandwa, mavuno yamepatikana, hakuna njaa. Ilikuwa wazi kwamba tarehe nane imefaulu. Akida alipewa koti lenye vifungo vya shaba, na Yunusi akahamishiwa Mlali, akatege makopo mengine huko.

Alikwenda kumuaga Chausiku asubuhi, mzigo begani. Safari hii alipiga hodi. Wakati huo Theresia, jirani aliyefulia mapadri nguo na ambaye nyumba yake ya misheni watu wa akida hawakuthubutu kuikagua, alikuwa ameketi pale akimenya ndizi.

"Nikifika Mlali kopo nitaliweka wazi," alisema Yunusi. "Na mbuzi nitawafukuza mwenyewe."

"Vizuri."

"Mama, nina swali. Siku ile ya kukagua, ulijuaje kwamba sitakutaja?"

Theresia akacheka ndani ya kanga yake. Chausiku akamtazama mtani wake juu mpaka chini, kama mtu anayepima kokoto.

"Sikujua," alisema. "Ndiyo maana kapu la pili nililificha kwa Theresia."