Yai Katika Maji ya Chumvi

Kazi yangu ni samaki wa chumvi hapa Rumonge, na kitu kinachonitisha ni yai. Cheka ukitaka, lakini nisikilize kwanza.

Mama ndiye aliyenifundisha. Samaki sangala akishapasuliwa, hulazwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Unamimina chumvi, unakoroga, inapotea. Unaongeza, inapotea tena. Halafu inakataa. Koroga mpaka mkono ufe ganzi, imelala tu chini ya pipa. "Yameshiba," mama alikuwa akisema. "Hata umwage gunia, hayapokei tena." Kisha anatumbukiza yai bichi. Maji mepesi hulizamisha. Yaliyoshiba hulinyanyua mpaka juu, na hapo ndipo samaki anaingia.

Baba alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Asubuhi moja mtumbwi wake ulirudi mtupu, unasukumwa na mawimbi. Wenzake walimtafuta mpaka Gitaza wakachoka. Shehe akaja, akasema tumsalie hivyo hivyo, bila maiti. Mama akakataa katakata. Alikuwa ameshanunua sanda na kuikunja sandukuni.

"Mume wangu ataoshwa, atavikwa, atazikwa," alisema. "Sitaki kusikia mengine."

Baadaye nikaona chumvi yetu inakwisha na samaki hawaongezeki. Nikamfuata mama. Wallahi, sitasahau. Amesimama ziwani, maji magotini, beseni kiunoni, anamwaga chumvi na kukoroga kwa mkono. Wanawake waliokuwa wakifua walinong'ona kwamba analoga. Mmoja akacheka, mshenzi yule, nikatamani kumrukia.

"Mama, unafanya nini?"

"Hii maji iko mepesi," akajibu bila kugeuka. "Ndiyo maana amezama. Ikishiba, atapanda."

Nilitazama ng'ambo. Siku hiyo hata milima ya Kongo haikuonekana, ni maji matupu mpaka mwisho wa macho.

"Mama, ziwa hili haliwezi kushiba. Chumvi yote ya dunia haitoshi."

"Unafikiri sijui? Nilianza kutia chumvi kabla hujazaliwa." Akakoroga tena. "Lakini nifanye nini, mutoto wangu? Nikae tu?"

Akanipa beseni. Nikamwaga, akakoroga, na chumvi ikapotea papo hapo. Tulirudi nyumbani na beseni tupu.

Mama naye ameshafariki. Tulimvika sanda ile ile. Ilikuwa imekatwa kwa mwanamume, ikabidi tuongeze vipande. Pipa sasa ni langu. Natia chumvi mpaka inakataa, natumbukiza yai, na linapoanza kupanda taratibu kutoka chini, jeupe, nafumba macho. Kila mara. Naogopa nikifumbua nitamwona baba, na sanda yake tumeshaitumia.