Barua Ilisema Aje na Somo

Waliokuwepo chumbani siku ile ni hawa. Mwenyekiti wa jopo, mtu wa bara, aliyevaa suti nzito kuliko joto la Lindi linavyoruhusu. Kulia kwake mama mmoja wa jopo, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, mtu wa kuficha vicheko. Kushoto kwake mkuu wa chuo chetu, ambaye hakuwa na kura lakini chumba kilikuwa chake. Karani mwenye kengele ya mezani. Mdogo wangu wa kike, mkufunzi, aliyekuwa akiomba ufadhili. Mimi kaka yake, mpishi wa chuo hichohicho, na sinia la chai na vitumbua. Na bibi mmoja kutoka Kikole, ambaye hakualikwa na mtu yeyote isipokuwa mimi. Juu ya meza kulikuwa na miche sita ya mikorosho. Siihesabu, ingawa ndiyo pekee iliyotulia.

Ufadhili wenyewe ulikuwa hivi. Vyuo kadhaa vya ukanda wetu viliungana kuwasaidia wakufunzi na watumishi wanaotaka kufundisha vizuri zaidi. Ukichaguliwa, kwa mwaka mmoja unapunguziwa vipindi, unapewa vifaa, unapewa mlezi wa kukaa nyuma ya darasa lako akiandika anachokiona, na kila mwezi mnakutana wafadhiliwa kuambizana mlipoharibu. Mimi nilishangaa. Nilidhani mtu akishakuwa mkufunzi, kufundisha kwake ni kama kwangu kukoroga uji.

"Kaka," mdogo wangu aliniambia, "kuna watu wanajua mengi, na darasa zima linalala."

Alikuwa anajisema. Anafundisha kubebesha mikorosho, yaani kukata kikonyo cha mkorosho mzuri na kukiunganisha kwenye mche wa kawaida ili uje uzae kama yule mzuri. Mikono yake inaifanya kazi hiyo hata akiwa anawaza mengine. Lakini akisimama mbele ya watu anageukia ukutani na kuongea kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Wanafunzi wakitoka hapo wanabebesha walivyoelewa, na baada ya wiki mbili miche inakauka kitalu kizima.

Mkuu wa chuo alimwita akamweleza bila kuzunguka. "Mkataba wako unaisha mwezi huu. Ukiupata ufadhili huu, nitauongeza. Usipoupata, sina cha kuiambia bodi."

Kwetu hilo lilikuwa jambo zito. Wazazi walituacha nikiwa darasa la sita, na mimi nikaliacha darasa la sita wiki ileile. Wadogo zangu watatu niliwasomesha kwa kufuata barua. Barua ya shule ikisema mtoto aje na jembe, nilipeleka jembe. Aje na ufagio wa chelewa, nilikata chelewa. Aje na dumu la maji, nilibeba. Aje na mzazi, nilichana nywele nikaenda mwenyewe. Sikuwahi kuuliza kwa nini, na hakuna mtoto wetu aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa kitu kilichoandikwa kwenye barua.

Sasa barua ya jopo la ufadhili ilifika mdogo wangu akiwa Rutamba na wanafunzi kwenye mazoezi ya shamba. Karani aliileta jikoni. Nilifuta mikono, nikaisoma taratibu. Ilisema: mwombaji afike saa nne asubuhi na somo, tayari kwa kufundisha mbele ya jopo kwa dakika kumi.

Kwetu Kilwa somo ni mtu. Ni yule mama anayemchukua msichana akivunja ungo, akamfunda, akabaki naye maisha yake yote. Wa mdogo wangu ni bibi mmoja wa Kikole. Najua lipo na somo la darasani, lakini hilo niliachana nalo mapema, na halikurudi kunitafuta.

Nikampigia simu mdogo wangu. Rutamba mtandao unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa.

"Wamesema uje na somo," nikamwambia.

"…tayari, kaka. Usiwe na wasi…"

"Nani wa kumleta?"

"…mwenyewe nitakuja nalo, nime…" Hapo ikakatika.

Niliyoyasikia yalinitosha. Somo yuko tayari, na mimi nisiwe na wasiwasi. Lakini mtu yuko Rutamba na matope magotini, somo yuko Kikole, atamleta lini? Nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikamwachia msaidizi wangu masufuria, nikapanda basi mpaka Nangurukuru na kutoka hapo bodaboda.

Nilimkuta bibi anapepeta mpunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kuna jopo Lindi linataka kumwona mdogo wangu, na wameandika aje na wewe."

"Jopo ndiyo nani?"

"Watu wakubwa. Wanataka kuona kama anajua kufundisha."

Aliuweka ungo chini. "Wanatilia shaka nilivyomfunda?"

"Inaelekea hivyo, bibi."

"Basi tutakwenda wanieleze vizuri," akasema, akaingia ndani kutafuta kanga yake nzuri.

Njiani hakulala. Kila basi liliposimama alinigusa. "Hao wa jopo, wana mama zao?"

"Nadhani."

"Tutaona."

Asubuhi ya pili mdogo wangu alifika chuoni moja kwa moja kutoka Rutamba, amekumbatia miche sita. Akamwona bibi amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha jopo, kanga mpya, wanja machoni.

"Shikamoo, somo," alisema, kisha akanivuta pembeni. "Kaka, somo anafanya nini hapa?"

"Barua ilisema uje na somo."

Alinitazama muda mrefu, kama ninavyoitazama sufuria iliyoungua nikiamua kama itasuguliwa au itatupwa.

"Somo la kufundisha, kaka."

"Ndiyo. Si ndiye anayefundisha?"

Kabla hajanijibu karani aliita jina lake, na akaingia. Mimi nikafuata na sinia, kwa sababu chai ya jopo ilikuwa kazi yangu halali.

"Karibu," mwenyekiti alimwambia. "Somo liko tayari?"

Mdogo wangu alikuwa anapanga miche mezani. Nikamsaidia kujibu. "Yuko tayari, mheshimiwa."

Mwenyekiti aligeuka akanitazama mimi na vitumbua. "Liko wapi?"

"Yuko nje. Anavua viatu."

Yule mama wa Kivinje aliinama chini ya meza kutafuta kalamu. Kalamu alikuwa nayo mkononi.

Bibi akaingia. Mwenyekiti, mtu mwenye adabu pamoja na kutoelewa, alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamwonyesha kiti. Bibi akakikataa. Alitandika kanga ya pili sakafuni, akanyoosha miguu na kukunja mikono mapajani, kama anavyokaa mbele ya mwali.

"Haya mwanangu, anza. Mimi nipo."

Mwenyekiti aliangalia makaratasi yake. Alimwangalia bibi. "Samahani, huyu mama ni zana ya kufundishia?"

Nilimwona mdogo wangu anaangalia mlangoni. Nadhani aliuona mkataba wake umesimama mlangoni na begi mkononi.

"Ndiyo, mwenyekiti," akasema. "Ni zana."

Karani akagonga kengele, dakika kumi zikaanza.

Akaanza vibaya. Aligeukia ukutani, pale mashine ilipotupa maandishi yake, na ile sauti ya msiba ikatoka. "Ubebeshaji wa mikorosho ni teknolojia inayolenga…"

"Unaongea na nani?" bibi akauliza.

"Na jopo, somo."

"Jopo liko huku. Huo ukuta hauvunji ungo, utaufunda wa nini?"

Mama wa Kivinje akaangusha kalamu, safari hii kweli.

Mdogo wangu akageuka. Uso ulikuwa umemwiva. "Kikonyo na mche lazima vilingane unene," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu za kifiziolojia."

"Huyo simjui. Niambie unayemjua wewe."

"Somo, ni mambo ya kitaalamu."

"Kwa hiyo hujui."

Hapo ndipo ilipotoka sauti ninayoijua mimi, ile anayoitumia nyumbani nikimwekea chumvi nyingi kwenye mboga. "Najua," akasema. "Ngozi ya huyu lazima iguse ngozi ya huyu. Maji yanapita hapo chini ya ngozi. Mmoja akiwa mnene na mwingine mwembamba, ngozi hazikutani. Utawaweka chumba kimoja na kila mtu atalala na ukuta wake."

"Eeh," bibi akasema. "Na ukishawakutanisha?"

"Unawafunga kwa utepe."

"Unakaza?"

"Unakaza kama unavyombeba mtoto mgongoni. Asianguke, na asikose pumzi."

"Ndiyo maana mkaita kubebesha."

Mdogo wangu akasita. Ameifundisha kazi hiyo miaka yote, na nadhani ndiyo kwanza alilisikia neno lenyewe. "Ndiyo," akasema polepole. "Ndiyo maana."

Bibi akamwelekezea kidole mwenyekiti. "Wewe baba mwenye koti. Njoo ukae hapa ufanye, tuone kama umesikia."

"Mama, mimi ni mwenyekiti wa jopo."

"Kiti si umekiacha kule? Huku njoo ukiwa mwali."

Mkuu wa chuo alifumba macho. Mwenyekiti akavua koti, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu kama alivyoonyeshwa. Mdogo wangu akapiga magoti pembeni yake na kisu. Mkato wa kwanza bibi aliukataa akisema amemenya muhogo. Wa pili ulikwenda mshazari, mdogo wangu akimshika kiwiko na kumweleza, macho kwa macho, hakuna aliyeutazama ukuta tena. Nikasahau nimeshika sinia.

Kengele ikalia.

"Nani huyo?" bibi akauliza.

"Muda umekwisha, bibi," karani akasema, akionyesha saa ya ukutani. "Saa imefika."

"Mimi saa sikumwita," bibi akasema. "Mwanangu, endelea."

Karani aliiangalia kengele, akaifunika kwa faili.

Mwenyekiti alibebesha mche mmoja, akaomba wa pili. Mama wa Kivinje alishuka naye akabebesha wake. Chai ikapoa ikawa ya kumwagilia maua. Walipoinuka, mkuu wa chuo alikohoa. Si mtu mbaya, ni mtu wa kanuni.

"Mwenyekiti, tangazo linasema dakika kumi. Anayezidisha anaondolewa. Waombaji wengine waliondolewa kwa dakika mbili."

Nikaliweka sinia mezani. Mimi ndiye niliyemleta aliyezidisha. Kama barua zote nilizozifuata maisha yangu zingekwenda kuangukia hii, nisingejua pa kuziweka.

Mwenyekiti alikuwa anajipangusa udongo kwenye suruali. "Dakika kumi zilipokwisha," akasema, "nilikuwa bado nakata kama namenya muhogo." Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Waliozidisha wengine walikuwa wanasoma. Lakini kanuni ni kanuni. Rudi saa nane. Dakika kumi kamili, darasa la wanafunzi wako, bila zana hii. Ukiweza, jina lako linabaki."

Mdogo wangu alimtazama bibi. Bibi alikuwa anakunja kanga yake, hana habari naye.

"Nitaweza," akasema.

Saa nane nilikuwa jikoni na ubwabwa, sikuona. Najua tu kwamba aliingia akalikalisha darasa zima sakafuni, na kwamba karani alipogonga kengele alikuwa ameshamaliza na anasubiri maswali. Jioni jina lake lilibandikwa ubaoni, la tatu kati ya matatu. Mkuu wa chuo alikuja kuniambia mkataba utaongezwa, na akaniomba nisisome tena barua za watu.

Kikabaki kilemba. Somo akiifanya kazi yake hatoki mikono mitupu, na mimi nilikuwa nimeshanunua doti ya kanga. Bibi akairudisha.

"Kanga mnanipa kila Idi. Mimi namtaka yule aliyenikatiza."

"Karani?"

"Saa."

Nikamwambia nitamnunulia ya ukutani, tena yenye kioo.

"Sitaki kuwa naye. Nataka kumjua. Mtu amenikatiza maneno mbele ya mwanangu, na mimi sikujua hata kasema nini. Mtanifundisha."

Nikamgeukia mkufunzi wa familia. "Wewe ndiye uliyemleta, kaka," akasema. "Kilemba ni chako."

Basi sasa kila mwisho wa mwezi nakwenda Kikole na saa ndani ya mfuko wa rambo. Mdogo wangu akipata nafasi anafuatana nami, anakaa nyuma yetu na daftari, kama mlezi wake anavyomfanyia. Amekwisha kuandika: kaka anaongea na saa, haongei na mwanafunzi. Kaka ana haraka. Kaka alipandisha sauti.

Siku ya kwanza nilimweleza bibi kwamba mshale mfupi ndio unaosema saa.

"Umeonyesha saba," akasema. Tarakimu anazijua, kwa kupima korosho.

"Ndiyo. Kwa hiyo ni saa moja."

Alinitazama. "Umeonyesha saba, wewe unasema moja. Kati yenu mwongo nani?"

Nilimweleza kwa kidole, kwa kijiti, kwa maharage. Hakukubali. Safari ya tatu akanishika mkono. Mshale mfupi una kimkia kinachotokeza upande wa pili, na kichwa kikiwa saba, mkia unaangalia moja. Kikiwa kumi, mkia unaangalia nne. Alizunguka saa nzima na kidole chake na mkia haukukosea hata mara moja.

"Kichwa chake ndicho mwongo," akasema. "Mkia unasema kweli. Ungenionyesha tangu mwanzo."

Mdogo wangu akaandika hilo pia, tena akalipigia mstari.

Mshale mfupi tumeumaliza. Tatizo ni mrefu, ambao nao anausoma kwa mkia, kwa sababu haoni kwa nini ndugu wawili wa nyumba moja mmoja afuatwe mkia na mwingine kichwa. Kwa hiyo mwezi uliopita nilifika saa tano kamili kama tulivyoagana, mkia wa mrefu ukiwa chini penye sita, akaniambia nimechelewa nusu saa. Nikabishana naye mpaka adhuhuri. Deni la kilemba bado ninalo, na mwisho wa mwezi huu nitarudi.