Bolti ya Altaneta kwenye Kizuizi cha Bugembe

Mume wangu alitengeneza mwenyewe kila kitu chetu: redio, jiko, baiskeli, na ile pikapu tuliyobebea vitunguu kutoka Mbale hadi Jinja miaka ya utawala wa jeshi. Sisi ni Wakenya, tulikuwa tumepanga chumba nyuma ya maduka ya jumla ya Mbale. Vipuri vilikuwa adimu na mafundi wengi walikuwa wameondoka. Basi taa nyekundu ya chaji ilipoanza kuwaka, akaifungua altaneta, ule mtambo wa kuchaji betri, akaitia kaboni mpya, akairudisha. Bolti ya juu, ile inayozuia mkanda wa injini usilegee, aliikaza kwa spana ndefu, miguu kaitanua, mishipa imemtoka shingoni.

"Mbona unakaza hivyo?" nilimuuliza.

"Barabara mbovu. Ikilegea tutalala njiani."

Iganga tulipita salama. Tulipokaribia Bugembe mkanda ukaanza kupiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, na ile taa ikawaka tena. Mbele yetu palikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Wakatuamuru tuzime injini. Walipomaliza kupekua magunia, gari likakataa kuwaka. Betri ilikuwa imekwisha. Moyoni nikaviaga vitunguu vyangu.

Mwanajeshi mmoja, mrefu, alimpa mwenzake bunduki amshikie.

"Fungua boneti."

Akaigusa ile bolti ya juu kwa kidole. Ikazunguka, ikazunguka, haishiki popote.

"Nani nafunga hii?"

"Mimi, afande," mume wangu alijibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Wewe nakaza sana. Hii sikio ya altaneta hapana chuma. Ni aluminiamu, laini. Meno yote imekufa."

Kiswahili cha namna hiyo tulikizoea kwenye amri: simama, toa, lala chini. Sikuwahi kukisikia kikieleza kitu. Nikajikuta nimeshuka garini, nimesogea.

Alikwenda kwenye lori lao akarudi na bolti ndefu zaidi, ya kupenya sikio lote na kutokea upande wa pili, pamoja na nati na washa zake. Akaifuta meno kwa pindo la shati.

"Mchanga ikiwa ndani, nati nadanganya wewe. Unafikiri imekaza, kumbe bado."

Akaizungusha nati kwa vidole mpaka ikagusa washa. Kisha akailegeza kidogo bolti ya chini, akachukua kipande cha mti na kuisukuma altaneta ili mkanda unyooke. Aliuweka mti upande wa mbele, karibu na puli.

"Kwa nini usisukume huku nyuma, afande?"

Mume wangu akanikanyaga mguu. Yule mwanajeshi akaigonga altaneta upande wa nyuma kwa ukucha.

"Nyuma ni nyembamba. Navunjika."

"Na utajuaje kwamba nati imetosha?"

Akanipa spana. "Shika karibu na nati. Hapana mwisho."

Nikavuta. Mwanzoni nati ilikuja kwa urahisi. Kisha nikasikia washa ya springi ikilala, halafu uzito ukanipanda kwenye kiganja, kama mwiko unga unapoanza kushikana sufuriani.

"Hapo. Ongeza kidogo. Acha!"

Nikaacha. Akaikaza bolti ya chini mwenyewe, kisha akaniambia niubonyeze mkanda kwa dole gumba. Ulibonyea kidogo tu, ukarudi.

"Afande, umejifunza wapi haya?"

"Mama, maswali mengi!" Lakini alikuwa akifuta mikono, na akajibu: alikuwa fundi kwenye karakana ya jeshi, kisha wakamleta barabarani. Hakusema kwa nini, na hilo sikuthubutu kuliuliza.

Akawaita wenzake, wakasukuma pikapu mpaka ikashika. Taa nyekundu ikazimika. Niliwaachia vitunguu pembeni mwa barabara bila kuombwa.

Tukafika Jinja sokoni. Ndipo mume wangu akacheka, akashika kichwa. "Siku nyingine, mke wangu, uliza tukiwa tumeshapita."

Tuliporudi Mbale nilifungua boneti uani, nikaijaribu kila nati niliyoweza kuifikia, spana nimeishika karibu. Nyingine zilikuwa na kutu, nyingine mafuta, na mbili hata sikujua zimeshikilia nini. Jirani aliyekuwa akianua nguo aliuliza nimepoteza nini humo ndani. Nikamwambia aje aone.